Mlinzi Aliyeandikwa Mara Mbili

"Mwalimu, huyu mlinzi wako, akiwa hafungui geti, anafanya nini?"

Darasa lilikuwa na watu arobaini na wawili, na wote wakageuka kumtazama aliyeuliza. Mwalimu mwenyewe alicheka kidogo, akafunua ukurasa, akaendelea kusoma.

Aliyeuliza ni binti mmoja aitwaye Mbuke, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja pembezoni mwa Dar es Salaam. Aliyeulizwa ni Mwalimu Kibona, anayefundisha uandishi wa hadithi, mtu mwenye vitabu vitatu na koti zito ambalo halivui hata kwenye joto la Januari.

Siku hiyo alikuwa anawasomea hadithi yake mpya, iwe mfano wa namna ya kuandika wahusika wa kila aina. Na kweli, walikuwemo wa kila aina. Kipofu mmoja, ana hekima. Mhindi mmoja, bahili. Msichana wa kazi mmoja, analia. Bibi kizee mmoja, anakohoa, akimaliza kukohoa anatoa methali. Na mlinzi mmoja, Msukuma, anasema "Shikamoo bosi," anafungua geti, gari linapita, basi. Hatumwoni tena mpaka mwisho wa hadithi.

"Jamii yetu ni pilau," Mwalimu Kibona aliwaambia. "Usituandikie wali mweupe. Weka mdalasini, weka iliki, weka pilipili manga. Kila aina, weka kidogo."

Wanafunzi wakaandika pilau kwenye madaftari yao. Mbuke hakuandika. Alikuwa anajiuliza kama kuna mtu aliyewahi kuiuliza iliki inajionaje humo chunguni.

Alikuwa na sababu. Baba yake alikuwa mlinzi. Na si mlinzi wa mbali huko, ni Mzee Lushinge wa zamu ya mchana, geti la chuo hichohicho, miaka kumi na tisa. Mwalimu Kibona alipita mbele yake kila siku ya Mungu. Wenzake Mbuke nao walipita. Hakuna aliyejua kwamba yule ni baba yake, kwa sababu Mbuke hakuwahi kuwaambia, na alijiambia kwamba si kwa ajili ya aibu.

Wiki tatu baadaye Mzee Lushinge alianguka kazini, saa nne asubuhi, mkono mmoja ukiwa bado umeshika komeo. Alifikishwa hospitali roho imeshatoka.

Basi msiba ukawa mkubwa. Turubai likafungwa, majirani wakaja, chuo kikaleta mchele na viti. Kutoka Maswa akaja mdogo wake marehemu, Baba Mdogo Jidula, kwa basi la usiku kucha, macho mekundu na mfuko mmoja mkononi.

Mama yao hakuweza kuja. Bibi Ngolo ana miaka themanini na kitu, mguu haumbebi, na simu haisikii vizuri. Mara ya mwisho kumwona mwanawe, Mbuke alikuwa bado ananyonya.

Kwa hiyo alimwagiza Jidula kitu kimoja tu, na Jidula akakifikisha mbele ya kamati ya mazishi vilevile kilivyotoka kinywani kwake. "Mama anasema, mtakachomsomea marehemu kaburini, nimpelekee na yeye nimsomee. Anataka kujua mwanawe alikuja kuwa mtu gani huku."

Watu wakainamisha vichwa. Mbuke akayawaza maneno yale. Bibi hatauona uso wa mwanawe, hatalishika jeneza, hatatupa udongo. Atapewa karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo maiti yake.

Na nani ataiandika karatasi hiyo? Chuo kikasema msiwe na wasiwasi, tunaye mwandishi. Mwalimu Kibona.

Alikuja jioni ileile na kalamu yake nzuri. Akauliza mwaka wa kuzaliwa. Akauliza alisoma hadi darasa la ngapi. Akauliza ameacha watoto wangapi. Mbuke akasubiri aulizwe kitu kingine, chochote, hata kwa bahati mbaya. Hakuulizwa. Mama yake Mbuke, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, akajikaza akasema kwamba marehemu alikuwa haanzi kula mpaka kila mtu wa nyumba ile amweleze kitu kimoja alichokiona siku hiyo. Hata ukisema umeona paka, sawa, lakini umweleze paka gani.

Mwalimu Kibona akaitikia kwa kichwa, akaandika: *Alipenda familia.*

Mbuke aliiona kwa macho yake, maneno mawili na nukta. Mtu kaletewa ng'ombe mzima, yeye kachukua kwato.

Siku ya mazishi mchungaji alipomaliza sala, Mwalimu Kibona akasimama na karatasi yenye muhuri wa chuo. Akasoma kwa sauti nzuri, hilo tumpe haki yake. Marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, aliyeshirikiana na wenzake kwa hali na mali.

Kando ya Mbuke alikuwepo mama mmoja, jirani, ambaye mwaka jana alimzika mpishi wa chuo hichohicho. Mama huyo akawa anatangulia mbele ya msomaji kwa kunong'ona. "Sasa atasema alikuwa nguzo." Mwalimu akasema alikuwa nguzo. "Sasa pengo." Mwalimu akasema pengo lake halitazibika. Mama akapangusa jasho, akamwambia Mbuke kwamba ni karatasi ileile, wamebadilisha jina tu.

Mbuke akamtazama Baba Mdogo Jidula. Alikuwa amesimama mkono mbele, tayari kuipokea karatasi ile aikunje, aisafirishe zaidi ya kilomita mia tisa, amsomee mama yake.

Hapo ndipo watani walipoingia.

Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana. Anazuia jeneza, anamtukana marehemu, anavaa nguo zake na kumwigiza mbele ya watu waliokuwa wanaishi naye. Na ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa.

Aliyetangulia ni Bi Mwamvita, Mzaramo wa Kisarawe, anayekaanga mihogo nje ya geti la chuo. Alikuwa amevaa koti la ulinzi la Lushinge na buti zake, mkono mmoja kashika tochi mchana kweupe. Akaenda akakaa juu ya kifusi cha udongo wa kaburi, akauliza nani kawapa kibali cha kumzika mtu wake, maana Msukuma huyu alikuja mjini kwa miguu akifuata mkia wa ng'ombe, na Wazaramo ndio waliomwonesha lami.

Kisha akaanza kumwigiza.

Akakikalia kiti cha Lushinge, kile chenye miguu mitatu na tofali moja, ambacho hakuna binadamu aliyeruhusiwa kukigusa. Kiti chenyewe hakikuwepo, lakini watu walikiona. Akaugombeza moshi wa mihogo, akiupangusa usoni kama mtu anayefukuza shemeji. Akamsikia mkuu wa chuo akipiga honi, akafungua geti mbawa zote mbili, kifua mbele. Halafu akaja mtu asiyejua kusalimia. Kwa huyo, Lushinge alikuwa haoni ufunguo. Akapapasa mfuko huu, akapapasa ule, akavua kofia akatazama ndani, na ufunguo muda wote unaning'inia shingoni.

Makaburi mazima yakacheka. Mwalimu Kibona alianza kucheka na wenzake, kisha akaacha katikati, kama mtu aliyekumbuka asubuhi nyingi kwa pamoja.

"Mkono si huo," sauti ikasema.

Watu wakageuka. Alikuwa mama yake Mbuke. "Alikuwa anapapasa na wa kushoto. Wa kulia unashika komeo."

Bi Mwamvita akabadilisha mkono bila kuuliza, akapapasa na wa kushoto. Mama yake Mbuke akamtazama, akacheka, kile kicheko kikamgeukia njiani, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Wanawake wakamkumbatia.

Lakini Bi Mwamvita alikuwa hajamaliza. Akaiendea karatasi, akaitwaa mkononi mwa Mwalimu Kibona, na kwa mila yule bwana hakuwa na la kufanya.

"Haya," akasema, "nimeshamwigiza wa getini. Sasa nimwigize na huyu wa kwenye karatasi."

Akasimama wima, mikono chini.

"Mcheshi," akasoma. Hakutikisika.

"Mchapakazi." Kimya.

"Mpenda watu." Akatazama mbele kama mlingoti.

Akasubiri kidogo, kisha akairudisha karatasi. "Nimeshindwa, mwalimu. Huyu hana magoti. Atakaaje? Atachutamaje? Huyu mzikeni kivyake, Lushinge wangu mnirudishie."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika miti. Lushinge akazikwa. Karatasi, pamoja na muhuri wake, ikaingia kwenye mfuko wa Baba Mdogo Jidula, kwa sababu karatasi ya ofisi ni karatasi ya ofisi, na basi lilikuwa linaondoka kesho kutwa alfajiri.

Mbuke hakulala kwa hasira. Kulipokucha akachukua karatasi nyeupe, akaapa kwamba bibi yake hatasomewa mlingoti. Ataandika yeye. Yeye anamjua baba yake, na anajua kuandika, na zaidi ya yote anajua kosa la yule mwalimu liko wapi.

Akaandika kurasa nne bila kuinua kichwa. Akaandika kwamba mlinzi ni nguzo ya taifa isiyoonekana. Akaandika kwamba Mzee Lushinge ni mfano wa wanyonge wote waliosimama juani ili wengine wakae kivulini. Kalamu ilikuwa inakimbia yenyewe. Alipomaliza akaona dunia nzima imejibiwa.

Akazichukua kurasa zake mpaka kwenye karai la Bi Mwamvita.

Akamwamkia, akamsomea. Bi Mwamvita alikuwa anageuza mihogo, anasikiliza, anageuza.

"Nzuri," akasema alipomaliza. "Ya jukwaani kabisa. Ila huyu naye simwezi."

Mbuke akadhani hakusikia vizuri.

"Wa mwalimu alisimama mikono chini," Bi Mwamvita akamfafanulia. "Wako kasimama ngumi juu. Magoti bado sijayaona."

Mbuke akawaka. Akamwambia kwamba yeye ni mwanawe, wa tumbo na damu, amekula naye miaka ishirini na moja, hawezi kufundishwa baba yake na mtu wa mihogo. Bi Mwamvita hakukasirika. Mtani hakasiriki. Akamkatia kipande, akakipaka pilipili, akampa.

"Kula. Haya niambie, akikasirika alikuwa anafanyaje?"

Mbuke akatafuna.

"Alikuwa anamcheka nani?"

Akaendelea kutafuna.

"Sasa kutwa nzima pale getini, wakati hakuna gari, alikuwa anafanya nini?"

Mbuke akaacha kutafuna. Lile lilikuwa swali lake. Alikuwa amelirusha darasani kama jiwe, akaona limempata mwalimu barabara, akarudi nyumbani ameshinda. Na nyumbani alikuwepo mtu mwenye jibu, amekaa, anakula ugali, anamuuliza leo umeona nini. Hakumuuliza hata siku moja.

"We Bi Mwamvita ulijuaje yote yale?" akauliza, sauti imeshuka.

"Mie? Nimegombana naye miaka tisa. Moshi wangu, kiti chake. Utamtaniaje mtu usiyemjua? Tusi la watu wote halimuumi mtu hata mmoja, mwanangu. Na sifa nayo ni hivyohivyo."

Mbuke akasema angalau yeye hakuwa na dharau kama Mwalimu Kibona. Yule shida yake ni moja tu, dharau, wasomi wote ndivyo walivyo, hawamwoni mtu wa chini. Aliyasema kwa ufasaha, kwa sababu alikuwa na mazoezi.

Bi Mwamvita akamwonesha geti kwa kijiti chake cha kugeuzia. "Nenda kamwombe mlinzi wa zamu akupe daftari la geti. Majina usiyasome. Soma safu ya mwisho."

Daftari la geti kila mtu analijua. Tarehe, jina, saa, anakokwenda. Ya mwisho kabisa imeandikwa *Maelezo*, na walinzi wote duniani huweka hapo alama ya vema, au hawaweki kitu. Mlinzi wa zamu alimletea Mbuke la karibuni, na akamwambia yapo mengine kumi na sita stoo, maana mzee alikataa yasichomwe.

Mbuke akakaa chini pale pale, mgongo ukutani, akafungua.

*Mwanamke, kitenge cha njano. Amesema amekuja kuulizia ada. Alikuwa ameshalia kabla hajafika. Nimempa kiti.*

*Kijana, anasema ni fundi wa umeme. Mikono laini mno. Nimemwambia asubiri nipige simu. Hakusubiri.*

*Mkuu na mgeni wake. Mgeni anacheka kila mkuu akifunga mdomo, hata mkuu aliposema choo kimeziba.*

*Mwamvita leo hajafungua. Moshi nimgombeze nani?*

Mbuke alisoma ukurasa hadi ukurasa. Mle ndani kulikuwa na vipofu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na hekima: mmoja alidai chenji yake kwa matusi, mwingine alitaka kuoneshwa njia ya ofisi halafu akamfundisha mlinzi njia ya mkato. Kulikuwa na Mhindi aliyekuja kutengeneza kompyuta, akakaa nusu saa nje anamwonesha mlinzi picha za mbuzi wake. Kulikuwa na wasichana wa kazi, na mmoja alikuja kuchukua fomu ya kujiunga na chuo, *ameikunja akaitia kifuani, akanikataza nisimwambie mtu*. Kila mtu mistari miwili, na hakuna mtu aliyefanana na mwenzake.

Kumbe ndicho alichokuwa anafanya.

Kisha akakutana na jina ambalo aliambiwa asilisome.

*Mbuke. Saa 2:05. Amepita na wenzake wanne. Hakunisalimia. Amenipungia kwa kidole kimoja, chini ya daftari lake, wenzake wasione. Inatosha.*

Sitaki tuupite mbio mstari huo. Mbuke hakuupita mbio. Aliusoma mpaka macho yakakataa, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayefunika chakula, akakaa hivyo.

Alipofunua mbele, tarehe ilikuwa ya siku mbili kabla baba yake hajaanguka.

*Mwl. Kibona. Saa 1:40. Amekaa kwenye jiwe nje ya ukuta, amevua kiatu cha kulia. Mguu umevimba, hata soksi haikutoka vizuri. Amekivaa tena huku anauma meno, ndipo akaja getini anatembea kama mzima. Hakusalimia. Nilidhani miaka yote ni dharau. Nadhani ni maumivu. Kesho nisijifanye natafuta ufunguo.*

Kengele ya mchana ikalia. Watu wakatoka, wakaruka miguu ya Mbuke, wakaenda. Mwisho kabisa akaja Mwalimu Kibona na koti lake. Mbuke hakumtazama usoni, alimtazama mguu wa kulia. Mwaka mzima alikuwa darasani kwa mtu huyu, akiyahesabu makosa yake moja moja, na hakuwahi kuona kwamba anachechemea.

"Shikamoo, mwalimu. Mguu unaendeleaje?"

Akasimama. "Marahaba. Mguu upi? Nani kakwambia?"

Mbuke akamwinulia daftari, kidole kwenye mstari.

Mwalimu Kibona alisoma amesimama. Akarudia. Kisha akaangaza huku na huku, akakaa chini, na koti lake zuri, kwenye vumbi. Akafunua kurasa nyingine. Alisoma yule wa umeme, akasoma yule wa kitenge. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Alikuwa anaandika," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nafundisha kazi hii hatua mia mbili kutoka hapa."

Mbuke alikuwa na jibu la hilo. Alikuwa nalo kali, limeiva, la kummaliza mtu. Akalimeza, kwa sababu baba yake aliyekuwa na haki ya kulisema ndiye aliyeandika *nadhani ni maumivu*.

"Ile karatasi yangu," mwalimu akaanza.

"Imeshagongwa muhuri, mwalimu. Iko kwenye mfuko wa Baba Mdogo."

"Basi tuandike nyingine."

Wakaandika nyingine. Mwalimu alisoma madaftari kwa sauti, Mbuke akachagua na kunakili. Kila mwalimu alipotaka kuongeza neno la kupendezesha, Mbuke alimtazama, naye akaliacha. Kila Mbuke alipotaka kuongeza hotuba, mwalimu aliuliza, "Magoti yako wapi?" naye akaikata. Wakaenda kwa Bi Mwamvita wakachukua magomvi matatu. Jioni wakakaa na mama yake Mbuke, na safari hii mwalimu hakuuliza maswali ya fomu. Mama alizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili.

Alfajiri ya safari Baba Mdogo Jidula akapewa karatasi ya pili, haina muhuri, imeandikwa kwa mkono. Akaziweka zote mbili pamoja.

Alipofika Maswa, ndugu walikuwa wamekusanyika. Bibi Ngolo akaletwa, akakalishwa, sikio lake zuri likageuzwa upande wa msomaji. Jidula ni mtu wa taratibu. Yenye muhuri ndiyo kubwa, akaanza na hiyo, anasoma na kuigeuza kwa Kisukuma, kwa sauti ya juu. Mcheshi. Mchapakazi. Mpenda watu. Nguzo. Pengo.

Bibi Ngolo akasikiliza mpaka mwisho, ametulia, mikono mapajani.

"Poleni sana," akasema. "Huyo marehemu alikuwa na mama?"

Watu wakatazamana.

"Kama yupo, mfikishieni pole zangu. Na sisi wetu naye, mmemsahau? Si nilisema mniletee wa kwangu?"

Jidula alimwambia Mbuke baadaye kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona aibu kama ile. Akaikunja yenye muhuri. Akafungua ile ya pili, akasoma mstari wa kwanza: kwamba Lushinge, mtu mzima, askari wa geti aliyewahi kumkamata mwizi kwa mikono mitupu, alikuwa kila akimwona jogoo barabarani anavuka upande wa pili.

Bibi Ngolo akanyanyua mkono.

"Ngoja."

Akaivuta kanga yake, akajifunika kichwa, uso wote. Wakasubiri. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

"Huyo," akasema humo ndani ya kanga. "Huyo ndiye wangu. Soma taratibu, Jidula. Usinimalizie upesi."

Funzo: Sifa inayomfaa kila mtu haimhusu mtu yeyote, na kuwajaza watu wa kila aina kwenye hadithi, wawe wa kudharauliwa au wa kuonewa huruma, si sawa na kumjua hata mmoja wao, kwa hiyo wewe unayeandika, nakuomba, kabla hujamtumia mwenzako hadithi hii, simama kwa mtu mmoja unayempita kila siku, msalimie, muulize leo kaona nini, kisha nyamaza umsikilize.